Ukanda au Bendi? Istilahi na Maelezo ya Upitishaji Kamili wa Umeme

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi kanda kadhaa za elektroni zinavyoathiri upitishaji wa umeme pasipo ukinzani, ambao hapa tutauita upitishaji kamili, na kuonyesha uzito wa istilahi katika maelezo hayo. Tangu Katiba ya 2010 Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Hata hivyo fizikia, kuanzia shule za upili za Nyeri hadi Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kilichopo huko huko, hufundishwa kwa Kiingereza. Atakaye kulieleza jambo hili kwa Kiswahili hana budi kuchagua baina ya neno la mkopo "bendi" na neno "ukanda".

Mwaka 1911 Heike Kamerlingh Onnes aligundua huko Leiden kwamba zebaki, ikipoozwa hadi nyuzi 4 hivi juu ya sifuri halisi, hupoteza ukinzani wake wote. Mwaka 1957 Bardeen, Cooper na Schrieffer walieleza sababu yake: mitikisiko ya atomu huzifunga elektroni mbili mbili, na jozi haivunjiki mpaka ipate kiasi fulani cha nishati. Kiasi hicho hutegemea kile kiitwacho pengo. Katika umbo lake la awali nadharia hiyo ilishughulikia ukanda mmoja, yaani fungu moja la viwango vya nishati ambavyo elektroni zaweza kuwa navyo. Mwaka 1959 Suhl, Matthias na Walker walionyesha kwamba zikiwapo kanda mbili, mapengo nayo yaweza kuwa mawili.

Mfano ulio dhahiri ulipatikana mwaka 2001, Jun Akimitsu na wenzake wa Japani walipotangaza kwamba magneziamu diboraidi huwa kipitishi kamili chini ya nyuzi 39 za Kelvin, yaani 234 chini ya sifuri ya Selsiasi. Humo mna kanda za namna mbili. Elektroni za kanda za sigma hukaa ndani ya tabaka za boroni, nazo hufungamana sana na mitikisiko ya tabaka hizo. Elektroni za kanda za pai huelekea juu na chini ya tabaka, na mfungamano wao ni dhaifu. Pengo la kwanza ni milielektronivolti 7 hivi, na la pili 2 hivi. Lakini mapengo yote mawili hutoweka katika halijoto moja, kwa kuwa jozi huhama kutoka ukanda hadi ukanda, na ulio imara huubeba ulio dhaifu. Pasipo uhamaji huo, kila ukanda ungekuwa na halijoto yake.

Basi, kiini cha jambo ni idadi. Neno "bendi" haligeuki katika wingi. Panapokosekana upatanisho wa kisarufi, kama katika vichwa vya habari na majedwali, msomaji hajui ni moja au ni nyingi. "Ukanda" na "kanda" hubainisha. Ni kweli kwamba "kanda" hutumika pia katika umoja, kwa maana ya eneo au ya utepe wa sauti. Ndiyo sababu katika fizikia umoja ushikwe kuwa "ukanda" daima.

Aidha, neno hili lina taswira iliyo karibu. Autazamaye Mlima Kenya kutoka Nyeri au Karatina aweza kuhesabu kanda zake: msitu, mianzi, nyika ya juu, kisha mawe na barafu kuelekea kilele cha mita 5,199. Kila ukanda una mipaka yake ya kimo, kama vile ukanda wa elektroni ulivyo na mipaka ya nishati. Lakini mwalimu atahadhari: kanda za mlima zimetengana mahali, ilhali kanda za elektroni zimo zote katika fuwele ile ile, na zaweza hata kupishana katika nishati. Laiti zingetengana kama mianzi na barafu, jozi zisingehama, na halijoto ile moja isingeelezeka.

Istilahi ifaayo, basi, ni ile ionyeshayo idadi bila kuficha uhusiano. Kwa maoni yetu, "ukanda" yatosha kwa kazi hiyo, mradi ifunzwe pamoja na mipaka ya mfano wake.