Saa ya Mwamuzi: Kufasiri Misemo ya Wakati katika Habari za Soka

Katika habari za soka ziandikwazo kwa Kiingereza, misemo inayompotosha mfasiri zaidi si ile ya ufundi wa mpira, bali ile ya wakati. Maneno yake ni mepesi, na kwa sababu hiyo hayatafutwi katika kamusi.

"Stoppage time", ambayo pia huitwa "added time" au "injury time", ni dakika anazofidia mwamuzi mwishoni mwa kila kipindi kwa muda uliopotea. Watangazaji wa Kiswahili huziita dakika za majeruhi, ingawa hufidia pia mabadiliko ya wachezaji na upotezaji wa muda wa makusudi. "Extra time" ni jambo jingine: ni vipindi viwili vya dakika 15 kila kimoja, vinavyochezwa katika baadhi ya mechi za mtoano timu zikiwa sare baada ya muda wa kawaida.

Tatizo huanza yote mawili yanapofasiriwa "dakika za nyongeza". Mwaka 1999, jijini Barcelona, Manchester United iliifunga Bayern Munich mabao 2-1 katika fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mabao ya Sheringham na Solskjær yalipatikana katika dakika za majeruhi, na mpira ukaishia hapo. Götze wa Ujerumani alipoifunga Argentina katika fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2014, ilikuwa dakika ya 113. Msomaji akiambiwa kwamba mabao hayo yote ni ya "dakika za nyongeza", hawezi kujua ni fainali ipi iliyofika dakika 120. Ni salama zaidi kuandika "dakika 30 za nyongeza" kwa "extra time", na kuziachia zile nyingine jina la dakika za majeruhi.

"Winner" nayo, katika ripoti ya mechi, mara nyingi si mtu. "A late winner" si "mshindi aliyechelewa", sembuse "mshindi marehemu". Ni bao la ushindi lililofungwa mwishoni. "Equaliser" ni bao la kusawazisha.

"At the death" haina msiba wowote ndani yake. Kiswahili kina msemo wake unaoipita tafsiri yoyote: dakika za lala salama. Hata hivyo, msemo huo hutaja dakika za mwisho kwa jumla, hivyo hautoshi pale ripoti inapotaka kusema wazi kwamba dakika 90 zilikwisha kutimia.