Kelele za "Tawanyikeni!" Hazimfundishi Mtoto Mpira

Ukipita uwanja wowote wa mtaa hapa Mombasa baada ya swala ya alasiri utaliona jambo lile lile. Mpira mmoja, watoto kumi na tano, na wote wameuzonga kama nyuki. Nje ya mstari wazazi wanapaza sauti: "Tawanyikeni! Tawanyikeni!" Watoto hutawanyika kidogo, kisha hao, wamerudi pale pale.

Nami nilikuwa katika hao wapiga kelele. Nilipoombwa kusaidia watoto wa mtaani kwetu walio chini ya miaka 10, kila Jumapili nilirudi nyumbani sauti imekauka. Aliyenizindua ni mtoto mmoja mdogo wa umbo, aliyekuja kuniambia hataki kucheza tena. "Ami, mimi mpira siugusi." Sikuwa na jibu, maana ni kweli. Mpira ulikuwa wa wale watatu wenye misuli.

Tuelewe kwanza kwa nini wanarundikana. Mtoto wa miaka 7 akili yake yote iko kwenye mpira. Kumwangalia pia mwenzake na mpinzani kwa wakati mmoja bado kunamshinda. Tena watoto wetu wengi wamejifunzia kandanda kichochoroni, ukuta kulia, ukuta kushoto. Kupanuka wangekujulia wapi? Kichochoro kinafundisha chenga, hilo silikatai, lakini chenga peke yake haitoshi.

Piga hesabu. Mechi ya watu wazima ni dakika 90, ila ukitoa faulo, kona na mipira ya kurusha, mpira huchezwa kama saa moja, mara nyingi chini ya hapo. Gawanya kwa wachezaji 22: kila mmoja hafikishi dakika 3 za kuwa na mpira mguuni. Dakika zilizobaki zote anafanya nini? Waholanzi wa Rinus Michels na Johan Cruyff walifika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1974 kwa kulijibu swali hilo: tukiwa na mpira tuufanye uwanja mkubwa, tukiupoteza tuufanye mdogo. Fainali walifungwa 2-1 na Ujerumani Magharibi, lakini makocha wanalifundisha wazo lile hadi leo.

Sasa sisi tunafanya hivi. Tunacheza wanne kwa wanne, kwenye kiwanja cha hatua 30 kwa 20. Koni hatuna, tunaweka kandambili na vifuu vya nazi. Tunaanza na mraba wa hatua nane: wanne pembeni wanapasiana, mmoja katikati anautafuta mpira. Ukijificha nyuma ya yule wa katikati, pasi inakatwa na zamu ya kuingia kati inakuja. Hakuna haja ya hotuba, mtoto anajisogeza mwenyewe.

Kisha magoli manne. Kila timu inashambulia magoli mawili madogo, moja kila pembe. Wakirundikana wote kulia, goli la kushoto liko wazi kabisa, na mmoja wao ataliona tu. Siku ya kwanza ilichukua kama robo saa. Aliyeliona alifunga peke yake, bila mtu karibu, na wenzake wakabaki kuulizana amepitia wapi.

Tahadhari moja. Wiki iliyofuata mmoja alikwenda kusimama karibu na muuza mabuyu. Nikamwuliza vipi, akasema, "Ami, huku kuna nafasi!" Hakukosea, mimi ndiye sikufafanua. Nafasi yenye faida ni ile ambayo mwenye mpira anakuona na pasi inaweza kukufikia. Siku hizi sipigi kelele, nauliza tu: "Unamwona mwenye mpira? Yeye anakuona?"

Wazazi ndio kazi ngumu zaidi. Tunawafundisha watoto wapanuke, na baba yuko mstarini anaamrisha, "Ufuate mpira!" Mtoto amsikilize nani?

Yule mdogo alirudi. Hucheza upande wa kushoto, karibu na mstari, mkono juu. Jumapili iliyopita babake alimfokea kama kawaida aukimbilie mpira. Mtoto akamtazama, akabaki pale pale, na pasi ikamfikia.