Kutoka Bandari hadi Ufuo wa Burudani: Mwambao wa Rumonge na Funzo la Forodhani

1.0 Utangulizi

Makala hii inafafanua mabadiliko ya matumizi ya mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, hususan katika mji wa Rumonge, ulioko zaidi ya kilometa 70 kusini mwa Bujumbura. Katika miji kadhaa ya Afrika Mashariki, mahali palipokuwa pa kupakia na kupakulia mizigo pamegeuka kuwa mahali pa kupumzikia. Mabadiliko hayo huleta kipato na kuupa mji sura mpya. Hata hivyo, huzua swali ambalo wapangaji hawana budi kulikabili: ufuo ukishapambwa, nani atabaki na haki ya kuufikia? Hoja ya makala hii ni kwamba swali hilo lijibiwe kabla ya hoteli kujengwa, wala si baada yake.

2.0 Ufuo wa kazi

Katika karne ya 19, wafanyabiashara waliotoka pwani walieneza shughuli zao ziwani kutokea Ujiji, na Rumonge ikaingia katika mtandao huo. Mwaka 1879 wamisionari wa Kikatoliki, Mapadri Weupe, walijaribu kuweka kituo hapo; mwaka 1881 watatu kati ya wanamisheni hao waliuawa, na kituo kikaachwa. Athari ya mtandao wa kale haijafutika: Rumonge ni miongoni mwa miji ya Burundi ambako Kiswahili husikika sokoni, misikitini na bandarini.

Anayeuzuru ufuo wa Rumonge leo hukuta sura mbili kwa pamoja. Upande mmoja kuna fukwe za mchanga, hoteli na wageni wa mwisho wa wiki kutoka Bujumbura. Upande wa pili kuna mialo ya wavuvi. Maboti hutoka jioni yakiwa na taa na kurejea alfajiri na ndagala na mukeke. Wanawake hununua ndagala na kuwaanika juani. Mafuta ya mawese, zao kuu la ukanda huo, husubiri wanunuzi. Ikumbukwe kwamba mwanikaji wa samaki na mwekezaji wa hoteli wanahitaji kitu kilekile: ardhi tambarare, kavu, yenye jua, karibu na maji. Hapo ndipo mgongano ulipo.

3.0 Funzo la Forodhani

Mfano ulio karibu ni Forodhani, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Jina lenyewe linahifadhi kazi ya awali ya mahali hapo, yaani forodha. Bustani ilitengenezwa hapo mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub, na ukarabati mkubwa uliofadhiliwa na Shirika la Aga Khan la Utamaduni ulikamilika mwaka 2009. Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa. Kwanza, bustani imebaki kuwa ya umma, na wauza vyakula wa jioni wana nafasi yao ndani yake. Pili, shughuli za mizigo zilikuwa zimekwisha kuhamia bandari ya Malindi, umbali wa kutembea kwa miguu.

Rumonge inatofautiana na Zanzibar katika jambo hilo la pili. Kazi za ufuo wake hazijahama. Zinaendelea kila alfajiri. Kwa hiyo, kuiga bustani bila kwanza kuwatengea wavuvi mahali pao ni kuiga matokeo na kuacha sababu zake.

4.0 Mambo matatu ya kuamuliwa

La kwanza ni maji. Ziwa Tanganyika lina njia moja tu ya kutokea maji, Mto Lukuga, na kina chake hupanda na kushuka kwa miongo. Katika miaka ya 1870 maji yalipanda sana kabla ya Lukuga kufunguka; yalipanda tena mwaka 1964; na mwaka 2024 yaliingia katika makazi na majengo ya starehe, Bujumbura na Rumonge pia. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 imetenga ukanda wa mita 150 kandokando ya ziwa hili. Anayejenga ndani ya ukanda huo miaka ya maji machache hujenga, kwa hakika, ndani ya ziwa.

La pili ni ardhi. Machafuko na mauaji ya mwaka 1972 yaliwakimbiza watu wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac kwenda Tanzania na kwingineko. Waliporejea, wengi walikuta mashamba yao yana wamiliki wengine, na tume ya taifa ya ardhi na mali iliyoundwa mwaka 2006 ilipokea migogoro mingi ya eneo hili. Kiwanja cha ufukweni, basi, si ardhi tupu inayongoja mwekezaji. Kabla ya kugawiwa, historia yake ichunguzwe.

La tatu ni njia. Kila mradi wa burudani ubakize njia ya umma hadi majini, na mialo pamoja na sehemu za kuanikia samaki zichorwe katika ramani ya mji kabla ya viwanja vya hoteli.

5.0 Hitimisho

Burudani na kazi zinaweza kukaa ufuo mmoja; mgeni anayekula mukeke hotelini anategemea mvuvi aliyeukesha usiku ziwani. Tunapendekeza kwamba mamlaka za mitaa zianze na hatua isiyohitaji fedha nyingi: kuweka alama za ukanda wa mita 150 na kuorodhesha, pamoja na wavuvi na wanawake waanikaji wenyewe, kila mahali pa kazi palipo mwambaoni. Pasipoandikwa leo, kesho patahesabiwa kuwa hapana mwenyewe.