Uzazi "wa bure" hospitalini: Soma karatasi kabla ya kuweka kidole

Katika safu hii tumezoea kuzungumzia maji safi, malaria, lishe ya watoto na usafi wa jikoni. Leo tuzungumze jambo ambalo halina dawa ya kunywa, lakini limewafanya akina mama wengi wajifungulie nyumbani kwa hofu. Nalo ni bili ya hospitali kwa mtu asiye na bima.

Miaka michache iliyopita, wakati serikali ya Kenya ilikuwa inalipia uzazi kwa kila mama, mke wa jirani yetu hapa Mombasa alijifungua salama katika kituo kimoja cha binafsi. Mimi na mama watoto tukaenda kuwapa hongera. Mume akanitolea mfukoni vikaratasi: glavu, pamba, sindano, uzi wa kushonea, faili. Jumla ilipita shilingi 4,000. Nikamuuliza, "Ndugu yangu, hukuambiwa uzazi ni bure?" Akanijibu, "Niliambiwa kitanda ni bure, vitu vya kazi ni juu yako."

Mkewe naye akadakia kutoka nyuma ya pazia. Alisema kuwa kabla ya kuruhusiwa aliwekewa karatasi mbili mbele yake atie saini. Moja aliisoma. Ya pili aliambiwa ni "ya ofisi tu". Mpaka leo hajui alichotia saini.

Ndugu msomaji, karatasi ile ya pili ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

Neno "bure" na maana yake

Hospitali haitoi huduma bure. Mkunga analipwa mshahara, glavu zinanunuliwa na taa ya chumba cha upasuaji inawaka kwa umeme wa kulipia. Serikali inaposema huduma ni bure, maana yake ni kuwa hospitali imhudumie mgonjwa kwanza, iandike ilichofanya, ipeleke madai yake, kisha irejeshewe fedha kwa kiwango kilichopangwa. Mgonjwa hatoi kitu. Lakini jina lake, namba ya kitambulisho chake na saini yake ndivyo vinavyoifungua hazina. Wewe ndiye shahidi wa kwamba kazi ilifanyika.

Kenya ina historia ndefu katika jambo hili. Mwaka 2004 ada za zahanati na vituo vya afya zilishushwa hadi shilingi 10 na 20. Mwaka 2007 ada ya kujifungua katika vituo hivyo ikaondolewa. Kisha tarehe 1 Juni 2013, siku ya Madaraka, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kuwa mama atajifungua bila malipo katika hospitali zote za umma. Viwango vya kurejeshewa vilikuwa hivi: shilingi 2,500 kwa kila mama aliyejifungua katika zahanati au kituo cha afya, 5,000 katika hospitali kubwa za umma, na 17,500 katika hospitali kuu za rufaa za taifa.

Hapo palikuwa na kasoro ambayo hata mwenye duka la mtaani angeiona. Hospitali ilipata 5,000 kwa mama aliyejifungua kawaida, na 5,000 hiyo hiyo kwa mama aliyepasuliwa. Upasuaji unataka daktari, mtoa dawa ya usingizi, damu, dawa na siku kadhaa za kulala wodini. Kila mama aliyepasuliwa akawa hasara. Isitoshe, afya ilipokabidhiwa kaunti, mara nyingi fedha zilizorejeshwa ziliingia katika mfuko mkuu wa kaunti na msimamizi wa hospitali hakuwa na idhini ya kuzigusa. Bunge lilikuja kurekebisha jambo hilo mwaka 2023, kwa sheria inayoziruhusu hospitali za umma kubaki na fedha zao. Hiyo ni miaka 10 baadaye. Katika miaka hiyo 10 glavu ziliisha rafuni, na baba wa watu akatumwa kwenye duka la dawa la ng'ambo ya barabara.

Mwaka 2017 mpango huu, ukiwa umepewa jina la Linda Mama, ukahamishiwa kwa bima ya taifa ya hospitali (NHIF). Ukapanuliwa kuingiza kliniki ya wajawazito na huduma baada ya uzazi, na vituo vingi vya binafsi na vya taasisi za dini vikaingia. Mama hakutakiwa kuchangia hata senti, ilitosha ajiandikishe kwa kitambulisho na kadi ya kliniki. Kituo nacho kilifungwa na sharti: kikishadai fedha za uzazi wa mama fulani, kisimtoze mama huyo kwa uzazi huo huo. Kwa hiyo jirani yetu aliponunua glavu na uzi, na kituo kikadai fedha kamili kwa jina la mkewe, kazi moja ililipwa mara mbili.

Tusiwaonee wahudumu, maana wengi wao ni watu wema wanaofanya kazi katika dhiki. Fedha zilichelewa, wakati mwingine kwa miezi mingi. NHIF ilipofungwa mwaka 2024 iliacha deni la takriban shilingi bilioni 30 kwa hospitali. Mwenye hospitali ndogo asiyelipwa atawalipa vipi wauguzi wake? Lakini ugomvi wake ni na anayemdai. Kuuhamishia kwa mama mwenye uchungu wa uzazi si haki, tena ni kinyume cha mkataba alioutia saini mwenyewe.

Tangu Oktoba 2024

Wapo jamaa wengi wanaoamini kuwa Linda Mama ingalipo. Haipo tena kwa sura ile. Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilianza kazi mahali pa NHIF, na uzazi ukaingizwa katika bima hiyo. Jina jipya ni Linda Jamii. Kiwango anacholipwa mtoa huduma ni shilingi 10,000 kwa kujifungua kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Ni bora kuliko zamani, ila mabadiliko makubwa yako upande wa mama: sasa ni lazima mchango wa kaya uwe umelipwa. Kujiandikisha peke yake hakutoshi. Aliyejiandikisha tu anahudumiwa bila malipo katika zahanati na kituo cha afya kwa matibabu ya kawaida ya kwenda na kurudi, kwa sababu huko serikali inalipa kutoka mfuko wa afya ya msingi. Kulazwa na kujifungua kunataka mchango.

Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara, kama mvuvi, mama wa mahamri au fundi cherehani, anapimwa hali yake kwa maswali ya nyumba, choo, mifugo na kadhalika, kisha anapangiwa kiasi. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na utaratibu ni kulipa mwaka mzima kwa pamoja, yaani 3,600 kwa uchache. Hapa ndipo familia nyingi zinapokwama. Mtu anayekula kwa kibarua cha siku hana 3,600 mkononi usiku ambao mkewe ameshikwa na uchungu. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kuwalipia wasiojiweza zaidi ya milioni 2, na pia utaratibu wa kukopeshwa mchango na kuurudisha kidogo kidogo. Kwa hivyo ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna mjamzito, usingoje mwezi wa 9. Piga *147# kwenye simu, hakikisha umeandikishwa na mke na watoto wameingizwa, kisha uangalie mchango umekaa vipi. Kama huna uwezo kabisa, uliza kwa mzee wa mtaa na kwa mhudumu wa afya wa jamii kama kaya yako inaweza kuingizwa katika wanaolipiwa.

Kidole kinachosema uongo

Mwezi Agosti 2025 Waziri wa Afya, Aden Duale, alitangaza kusimamishwa kwa vituo vingi baada ya madai yao kuchunguzwa. Aliyoyataja ni pamoja na mgonjwa aliyekuja kutibiwa na kuondoka kuandikwa kuwa alilazwa, na mama aliyejifungua kawaida kuandikwa kuwa alipasuliwa. Tazama tena viwango tulivyovitaja: kati ya 10,000 na 30,000 kuna tofauti ya shilingi 20,000, na kalamu moja inatosha kuivuka.

Watu wengi husema, "Mimi yanihusu nini? Wanaibiana wao kwa wao." Yanakuhusu kwa njia mbili. Kwanza, mfuko huo ni michango ya watu, ikiwemo ile 3,600 ya mama wa mahamri. Pili, na hili ndilo la afya, uongo huo unaweza kubaki katika kumbukumbu zako. Mwanamke aliyewahi kupasuliwa ana kovu katika mfuko wa uzazi. Kovu hilo linaweza kupasuka akiwa katika uchungu wa mimba inayofuata, ndiyo maana mkunga wa zahanati humpeleka mama kama huyo kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji. Sasa fikiria daktari anamsoma mama kwenye faili kuwa amepasuliwa, naye hana hata mkwaruzo. Atahamishwa usiku bila sababu, au atashawishiwa kupasuliwa kweli. Na mtoto aliyeandikwa kuwa alilazwa kwa homa ya mapafu wakati alikuwa na mafua tu, daktari wa kesho atamtibu kwa historia isiyo yake.

Zamani ilikuwa saini, kisha ikawa namba ya siri inayoingia kwenye simu, na sasa ni alama ya kidole. Vyote vitatu vina kazi moja, nayo ni kushuhudia. Hakuna Mwislamu asiyejua uzito wa ushahidi wa uongo, kwa hiyo sitarefusha hapo. Lakini kushuhudia usichokijua ni rahisi sana pale mapokezini, hasa mama akiwa amechoka, mtoto analia na teksi inangoja nje. Una haki ya kuuliza: karatasi hii inadai nini? Tarehe ya kuingia na ya kutoka ni zipi? Imeandikwa kawaida au upasuaji? Kama huoni vizuri, mwambie wa kwako akusomee. Mhudumu mwaminifu hatakasirika, na anayekasirika amekwisha kukujibu.

Wakikuzuia usitoke

Limebaki suala la deni. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Uchungu uliokwama na damu isiyokatika ni dharura. Watibu kwanza, bili baadaye.

Ama kuhusu kuzuiliwa, mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa kushindwa kulipa baada ya kujifungua. Mmoja wao alikuwa amelala sakafuni karibu na choo kilichofurika. Mahakama ikasema haki zao zilivunjwa, na wakaamriwa walipwe fidia. Na kwa upande wa maiti, jambo linalotugusa sana sisi tusiotaka kuchelewesha mazishi, Mahakama Kuu ya Mombasa ilitamka mwaka 1998 kuwa maiti haiwezi kuwekwa rehani ya deni. Hukumu hizo hazifuti deni. Hospitali inaweza kukudai na hata kukushitaki kama mdai yeyote, na wewe unapaswa kulipa. Lakini kumfungia mzazi wodini, au kushikilia maiti chumba cha baridi huku ada ya kila siku ikiongezeka juu ya deni, ni jambo jingine.

Yakikufika, usianze kwa kelele. Omba kuonana na afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Hospitali kubwa za umma huwa naye, na kazi yake ni kupima uwezo wa mtu na kupendekeza msamaha au malipo ya kidogo kidogo. Nenda na barua ya chifu au ya mzee wa mtaa. Taka bili iliyochambuliwa kitu kimoja kimoja, usikubali jumla tupu. Mara nyingi bili ikichambuliwa hupatikana kitu ambacho SHA imekwisha kukilipia. Malalamiko yapelekwe kwa msimamizi wa hospitali kwanza, kisha ofisi ya SHA ya kaunti, kwa maandishi, nawe ubaki na nakala.

Yule jirani yetu, mkewe ni mjamzito tena. Juzi nilimkuta barazani na bahasha ya kaki: ndani mna kadi ya kliniki, vitambulisho vyao na ujumbe wa malipo ya SHA aliouchapisha pale kwa mwenye mashine ya mtaani. Ile miwani ya kusomea, aliniambia, ni ya mama mkwe. Yeye ndiye atakayekwenda nao hospitali, na ameshaapa kuwa hakuna kidole kitakachowekwa kabla hajasoma mpaka mstari wa mwisho.