Kazi ya DJ, Sehemu ya Pili: Kupima Ubora wa Faili za Nyimbo

Faili ya wimbo ina mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kiwango ilichohifadhiwa nacho, na ubora wa sauti iliyomo. La kwanza limeandikwa kwenye faili yenyewe, na mtu huliona kwa kubonyeza mara moja. La pili halijaandikwa popote. DJ anayepiga muziki kwenye harusi au ruracio (sherehe ya mahari) kule Subukia, ambako mahema husimamishwa uwanjani na sauti hutakiwa kuwafikia hata walioketi pembeni kabisa, huiona tofauti hiyo pindi anapopandisha sauti. Wimbo uliosikika safi kwenye simu ndani ya matatu ya kutoka Nakuru unatoka kwenye spika kubwa matoazi yakiwa yamevurugika, besi imelegea, na kila "s" ya mwimbaji ina mkwaruzo.

Vipimo vyote huanzia kwenye CD. Sauti ya CD huchukuliwa sampuli 44,100 kila sekunde, kila sampuli ikiwa na biti 16, kwa njia mbili, ya kushoto na ya kulia. Jumla yake ni takriban kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3, ambayo sehemu kubwa ya kazi yake ilifanywa na watafiti wa taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Ujerumani, na ambayo jina lake la ".mp3" lilichaguliwa mwaka 1995, hupunguza mzigo huo kwa kutupa sauti ambazo sikio haliwezi kuzinasa kwa urahisi, hasa zile zinazofunikwa na sauti kubwa zaidi zilizo karibu nazo. Kwenye kilobiti 320, kiwango cha juu kabisa cha MP3, kinachobaki hakifiki robo ya mzigo wa CD. Kwenye kilobiti 128 hakifiki hata sehemu moja ya kumi. Faili za FLAC nazo hubana bila kutupa chochote, ndiyo maana ni kubwa zaidi.

Kutokana na hesabu hiyo, ukaguzi wa kwanza hauhitaji programu yoyote. Wimbo wa dakika 4 uliohifadhiwa kwa kilobiti 320 huwa na uzito wa karibu megabaiti 9.6, kwa kilobiti 128, karibu megabaiti 3.8, na kwa WAV yenye ubora wa CD, zaidi ya megabaiti 42. Wimbo wa dakika 4 wenye megabaiti 3 na ushei, hata ukiitwa "HQ" kwenye jina lake, hauna cha kujitetea.

Tatizo ni ile faili ambayo uzito wake uko sawasawa. Tovuti nyingi za kubadilisha video kuwa MP3 humpa mtu nafasi ya kuchagua 320, naye huchagua kwa kuwa ndiyo namba kubwa. Sauti ya YouTube, hata hivyo, mara nyingi hutolewa kwa muundo wa AAC wa kilobiti 128 hivi, au wa Opus usiozidi sana 160. Kuihamishia kwenye 320 ni sawa na kumimina maziwa yaliyotiwa maji kwenye debe kubwa: debe limebadilika, maziwa ni yale yale. Tena hali huwa mbaya kidogo kuliko mwanzo, kwa sababu kila mara sauti inapobanwa upya kuna kitu kingine kinachotupwa. Ile namba 320 humweleza msomaji uamuzi wa mtu wa mwisho aliyeihifadhi faili. Waliomtangulia haiwajui.

Hapa kuna imani moja inayofaa kusahihishwa. Wengi waliokua na kaseti huamini kwamba wimbo uliopita kwenye flashi nyingi umechakaa. Kwa kaseti ilikuwa kweli, maana kila nakala iliongeza mvumo. Faili inayonakiliwa kutoka kompyuta ya duka la muvi kwenda kwenye flashi, kisha kwenda kwenye simu, haipotezi hata biti moja. Kinachoharibu ni kubanwa upya: kubadilisha aina ya faili, kuikata na kuihifadhi tena, au kuipitisha ndani ya video ya WhatsApp, ambayo hubanwa kabla ya kutumwa. Msanii chipukizi anayemtumia DJ wimbo wake kwa njia hiyo na aambiwe autume kama hati, utafika ulivyo.

Ukaguzi wa pili ni wa macho. Programu za bure kama Spek na Audacity huchora picha ya masafa ya wimbo: muda ukienda kulia, masafa yakipanda juu, rangi ikionyesha nguvu ya sauti. Faili iliyotolewa kwenye CD inaweza kujaza picha hiyo hadi karibu hezi 22,000. MP3 halisi ya 320 kwa kawaida hukatika karibu na hezi 20,000, ya 192 karibu na 19,000, na ya 128 kati ya 16,000 na 17,000. Faili inayojiita 320 lakini ina mstari ulionyooka kwenye 16,000, juu yake weusi mtupu toka mwanzo hadi mwisho wa wimbo, karibu hakika imetoka kwenye chanzo duni. Kuna jambo dogo linalowapotosha wanaoanza: MP3 nzuri pia huweza kuonyesha ngazi kwenye 16,000, kwa kuwa muundo wa MP3 hupata shida kuhifadhi sauti zilizo juu ya hapo. Ila juu ya ngazi hiyo bado kutaonekana alama pale ngoma na matoazi yanapopigwa kwa nguvu.

Picha huweza kuishtaki faili, kuitakasa haiwezi. Opus ya YouTube hufika hezi 20,000 ingawa imebanwa sana, hivyo ikigeuzwa kuwa MP3 ya 320 hupita mtihani wa macho bila wasiwasi. Ndipo sikio linapohitajika.

Kusikiliza kunakofaa hufanywa kwa hedifoni zinazofunika masikio, mahali patulivu, kwa kuzingatia sehemu chache tu za wimbo. Matoazi na kayamba husema ukweli mapema: sauti iliyobanwa vibaya huyafanya yasikike kama yamo majini. Makofi ya hadhira hufuata, kwa maana sauti nyingi fupi zisizo na mpangilio ndizo mzigo mgumu kuliko yote. Katika benga, mtu asikilize nyuzi za gitaa linaloongoza. Kila mdonoo unapaswa kuanza kwa ukali wake. Ukitanguliwa na kivuli cha sauti, faili ina kasoro. Kwa nyimbo za kwaya, ambazo ni mali ya kila siku huko Subukia, mji unaopokea maelfu ya mahujaji wa Kikatoliki wanaokwenda Village of Mary, sikio litulie pale waimbaji wanapoacha kuimba na mwangwi wa kanisa kufifia. Mwangwi unaokatika kwa vipande ni dalili mbaya.

Wakati wa kulinganisha nakala mbili, sauti zake zisawazishwe kwanza, kwa sababu sikio la binadamu hudhani iliyo kubwa ndiyo bora. Afadhali mtu mwingine ndiye abadilishe, msikilizaji asijue ipi inacheza. Wanaofanya jaribio hili kwa uaminifu hupata kwamba 128 na 320 hutofautishwa mara nyingi, ilhali 320 nzuri na CD hutatanisha hata masikio yaliyozoea. DJ anayejaza flashi yake WAV tupu ili aonekane makini anabeba uzito ambao uwanja wenye upepo na jenereta hautaufaidi. Hata hivyo, anayepunguza au kuongeza kasi ya wimbo bila kubadilisha ufunguo wake anahitaji faili bora zaidi, kwa sababu programu za ma-DJ huzikuza kasoro zilizojificha.

Kuna kasoro mbili ambazo hazihusiani na kubanwa. Moja ni sauti iliyopandishwa kupita kipimo. Kwenye Audacity, vilele vya mawimbi huonekana vimekatwa bapa kama kwa panga, na mkwaruzo wake hauondolewi na mixa yoyote. Faili yenye sauti ndogo haina ubaya, maana huongezwa. Ya pili hutokea pale mfumo wa spika unapounganisha kushoto na kulia kuwa njia moja, jambo la kawaida kwenye sherehe za nje. Katika faili mbovu za aina hii, mawimbi ya pande mbili hupingana, na sauti ya mwimbaji hufifia au kutoweka kabisa huku vyombo vikibaki. Kwenye hedifoni wimbo ulionekana mpana na wa kupendeza. Kila wimbo wenye upana wa kushangaza usikilizwe kwanza kwa njia moja.

Nyimbo za zamani zinahitaji hukumu ya namna yake, na hapa ndipo ma-DJ wengi vijana hukosea. Wazee kwenye ruracio wataomba nyimbo za Joseph Kamaru, aliyefariki mwaka 2018, au benga ya santuri za mizunguko 45 zilizouzwa River Road, Nairobi. Rekodi nyingi za enzi hizo hazina sauti ya maana kwenye masafa ya juu kabisa. Nyingine zilihamishiwa kwenye kaseti, ambayo hupunguza zaidi. Zilizonaswa redioni zinaishia karibu na hezi 15,000, kwa kuwa matangazo ya FM yenyewe hukomea hapo. Weusi juu ya picha si kosa la faili. Cha kuangaliwa ni kasi: kaseti au santuri iliyozunguka taratibu hushusha sauti ya mwimbaji na kuvuta mdundo, na hugundulika kwa kulinganisha nakala mbili. Cha pili ni usafishaji uliopita kiasi. Mvumo wa kaseti unavumilika, lakini programu iliyoung'oa kwa pupa hung'oa pia pumzi za gitaa. Kati ya nakala yenye mikwaruzo na nakala iliyosafishwa hadi ikawa bubu, yenye mikwaruzo ndiyo ya kuchukua.

Chanzo kizuri hupunguza kazi yote hii. Kazi za Kamaru zimekuwa zikitolewa upya na mjukuu wake, msanii KMRU, kupitia Bandcamp, ambako mnunuzi huchagua mwenyewe MP3 ya 320, FLAC au WAV. Nyimbo zinazohifadhiwa ndani ya Spotify au Boomplay hubaki ndani ya programu hizo na hazihamishiki kwenye flashi. Tovuti za bure mara nyingi huweka sauti ya tangazo juu ya wimbo. Likiwa katikati, faili haifai. Likiwa mwanzoni tu, kabla ya wimbo kuanza, huondolewa kwa programu kama mp3DirectCut, ambayo huikata MP3 bila kuibana upya, na nakala ya awali ihifadhiwe kando kabla ya kukata.