Kidonda Hakionekani, Tumbo Bado Linauma

Katika mazungumzo ya kila siku, karibu kila maumivu ya chembe ya moyo huitwa "vidonda vya tumbo". Mgonjwa akipimwa kwa kamera na kuambiwa kwamba hana kidonda, hubaki njia panda: ama kipimo kimekosea, ama anadhaniwa kuwa anajisingizia. Mara nyingi yote mawili si kweli. Kamera huona utando wa ndani tu. Haioni mishipa ya fahamu wala misuli iliyo chini yake, na huko nako maambukizi ya bakteria huweza kuacha athari.

Tumbo lenye afya hulegea sehemu yake ya juu chakula kinapoingia. Amri hiyo hupitia mshipa mkubwa wa fahamu uitwao vagasi, na mishipa midogo iliyo ndani ya ukuta wa tumbo hutoa naitriki oksaidi inayolegeza misuli. Sehemu ya chini husaga kwa mawimbi yapatayo 3 kila dakika, nayo huongozwa na seli za Cajal, zilizopewa jina la mwanasayansi Mhispania Santiago Ramón y Cajal. Sehemu ya juu isipolegea, mtu hushiba kwa matonge machache. Mawimbi yakivurugika, chakula huweza kukawia tumboni na kichefuchefu kikafuata.

Zipo sumu zinazochokoza mishipa hiyo kwa saa chache tu. Wali ulioachwa jikoni penye joto usiku kucha huweza kuzalisha bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye hutoa sumu ya sereulaidi. Sumu hiyo huchochea vipokezi vya serotonini kwenye vagasi, na mlaji wa kiporo hicho hutapika, kwa kawaida ndani ya saa 1 hadi 6. Kukipasha moto hakusaidii, kwa kuwa sumu hiyo haiharibiwi na joto la jikoni. Wengi hupata nafuu ndani ya siku moja.

Helicobacter pylori ni mgeni wa namna nyingine. Aligunduliwa na Barry Marshall na Robin Warren huko Perth, Australia, ugunduzi uliowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kwa kawaida humwingia mtu utotoni na kukaa naye miaka mingi. Sumu yake iitwayo VacA hutoboa utando wa seli, na protini yake ya CagA hudungwa ndani ya seli mithili ya sindano. Lakini kinachoisumbua zaidi mishipa ya fahamu ni mapambano ya mwili wenyewe. Askari wa kinga hujazana katika ukuta wa tumbo na kumwaga kemikali karibu na ncha za mishipa hiyo. Ncha hizo huwa nyepesi kuchokozeka, hata mtanuko wa kawaida baada ya mlo ukahisiwa kama maumivu.

Athari hiyo haiondoki lazima siku bakteria anapokufa. Nchini Kanada, panya walioambukizwa H. pylori walikula kidogo kidogo, mara nyingi zaidi kuliko wenzao, na waliendelea hivyo miezi miwili baada ya kutibiwa. Nchini Hispania, watu waliougua katika mlipuko wa Salmonella mwaka 2002 walifuatiliwa kwa mwaka mzima. Uwezekano wao wa kupata maumivu na usumbufu wa tumbo la juu ulikuwa takriban mara 5 ya wale ambao hawakuugua.

Hapa ndipo kosa la kawaida hutokea. Mgonjwa amemaliza dawa za siku 14, bado anaumwa, anapimwa tena damu, kipimo kinaonyesha H. pylori, anaanzishiwa antibaiotiki upya. Kipimo hicho cha damu hutambua kingamwili, nazo hudumu muda mrefu baada ya bakteria kutoweka. Kinachofaa ni kipimo cha kinyesi au cha pumzi, angalau wiki 4 baada ya dawa kwisha, huku omeprazoli ikiwa imesimamishwa kwa wiki 2.

Mgonjwa asiye na kidonda aelezwe mapema, kabla ya kuanza dawa, kwamba kumwondoa bakteria huyo humponya takriban mtu 1 kati ya 14 wenye hali kama yake, na kwamba nafuu huweza kuchukua miezi 6 hadi 12. Anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, anayekonda bila sababu au anayeshindwa kumeza asisubiri hata kidogo.

Kwa wanaobaki na maumivu, daktari huweza kuandika amitriptailini kwa dozi ndogo. Ni dawa ya sonona, lakini hapa hutolewa kutuliza mishipa ya fahamu ya tumbo, na mgonjwa aambiwe hivyo waziwazi, asije akaisoma karatasi ya dawa nyumbani na kudhani kwamba ameonekana mgonjwa wa akili.