Unatesa na miwani nyeusi? Jua linakucheka!

Leo naomba tuweke pembeni mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele, tuongelee kitu kinachokuchapa kila siku kuanzia asubuhi mpaka jioni na wala hukilipii kodi. Nalizungumzia jua.

Najua utasema, "Ah, jua nalo la kuandikia gazetini?" Subiri kwanza, usinifungie ukurasa. Kuna watu duniani wanaamka, wanachomekea shati, wanakwenda ofisini, na kazi yao ni moja tu: kupima mwanga na kusema upi unadhuru watu na upi hauna neno. Ukifika ngazi ya juu unaitwa mwanasayansi mwandamizi wa usalama wa mionzi ya mwanga na afya ya jamii. Cheo kirefu kama treni ya TAZARA, lakini wenyewe hawafanyi masihara.

Mimi na kidato cha nne changu nilipoanza kuifuatilia kazi hii nilijiuliza swali moja: huku kwetu inatuhusu nini? Jibu nililipata nilipoitazama Nakapanya.

PETE YA MOTO

Kwa msiopajua, Nakapanya ipo wilaya ya Tunduru, mkoa wa Ruvuma. Ukitoka Songea unapita Namtumbo, unafika Tunduru, unaendelea na barabara ya kwenda Masasi. Ni nchi ya mikorosho na jua la haki.

Sasa sikia hii. Alhamisi ya Septemba 1, 2016 jua lilipatwa. Mwezi ulikaa katikati ya jua bila kulifunika lote, ikabaki pete ya moto inayong'aa angani. Watu wengi walikimbilia Rujewa, wilayani Mbarali, Mbeya, ndiko walikotangaziwa. Lakini wanaanga wanapotafuta ile sehemu ambayo tukio lilifikia kilele duniani kote, wanaandika nyuzi 10.7 kusini na 37.8 mashariki. Chukua ramani uangalie. Ni huko huko upande wa Tunduru, si mbali na Nakapanya! Saa 6 mchana na dakika chache, pete ikakaa kwa dakika 3 na sekunde 6.

Siku kama hiyo ndiyo mtaalamu wa mwanga anakosa usingizi. Maana binadamu, bwana, akiambiwa "usiangalie" ndiyo kwanza anainua shingo. Nyuma ya jicho kuna utando unaoitwa retina, ndio unaopokea picha. Retina haina mishipa ya maumivu. Unaweza kuiunguza kwa kulitazama jua na usisikie hata kuwashwa, halafu baada ya saa kadhaa unashangaa katikati ya kila kitu unachokitazama kuna doa. Wengine linaondoka, wengine wanaishi nalo. Na miwani ya fasheni, filamu ya eksirei, au jua kulitazama ndani ya ndoo ya maji, vyote hivyo si kinga. Kinga ni miwani maalumu ya kupatwa kwa jua, au kioo cha kuchomelea namba 14. Weka hili kichwani, kwani Agosti 2, 2027 kuna kupatwa kukubwa kutakakopita kuanzia Hispania, Misri hadi Somalia.

KIVULI KIKIKUKIMBIA

Tuache siku za tukio. Siku ya kawaida je? Nakapanya ipo kama nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari 20 na karibu na Oktoba 22, jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa. Ukisimama wima unakitafuta kivuli chako hukioni, kimejificha chini ya kandambili. Na Oktoba ndio msimu wa kuokota korosho. Yaani siku jua linapochapa zaidi ndiyo siku mama zetu wameinama shambani!

Kwenye jua kuna mwanga tunaouona, kuna joto tunalolisikia, na kuna miale ya urujuanimno ambayo huioni wala huisikii. Mjerumani Johann Ritter aliigundua mwaka 1801 alipoona kemikali ya fedha inakuwa nyeusi pale ambapo macho hayaoni rangi yoyote. Miale hii inagawanywa mafungu 3, A, B na C. C ndiyo kali kupita zote, ila tabaka la ozoni huko juu linaikamata yote kabla haijatufikia. B inakamatwa sehemu kubwa, inayopenya ndiyo inayounguza ngozi. A inashuka karibu yote na inazama ndani zaidi, inazeesha.

Usidanganywe na mawingu. Mawingu mepesi yanapitisha mpaka asilimia 80 ya miale hiyo. Wala usidanganywe na baridi, kwa sababu kila ukipanda mita 1,000 miale inaongezeka kwa kama asilimia 10. Ndugu zangu wa Songea na Njombe mnaojivunia kipupwe, mpo hapo?

Wataalamu wametupa kipimo chepesi, wanakiita kipimo cha miale ya jua. Kinaanzia 0, na kikifika 11 ni hatari ya mwisho. Kwenye nchi zetu za ikweta, mchana wa jua kali 11 inapitwa kama basi linalopita kituo. Kama huna mashine, tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua limeshakuwa kali, tafuta mti.

WANAOLIPA BEI KUBWA

Hapa naomba tuache utani kidogo.

Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, ambayo ni mwavuli wa kuzaliwa nao. Kuna ndugu zetu waliozaliwa bila mwavuli huo, watu wenye ualbino. Tanzania ni moja ya nchi zenye watu wengi wa namna hii, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mmoja katika kila watu 1,400. (Na lile jina la zamani la mitaani liache, halina adabu.)

Mwaka 1985 Dk. Jeffrey Luande na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya watu 350 wenye ualbino wa Dar es Salaam. Picha waliyoitoa ilikuwa ya kutisha: ngozi inaanza kuharibika utotoni kabisa, na kansa inawapata wakiwa bado vijana. Vijana, jamani! Umri ambao mwenzako anatafuta mchumba, yeye anatafuta nauli ya kwenda Ocean Road.

Tulilia sana, na tulikuwa na haki ya kulia, pale mauaji ya albino yalipotikisa nchi kuanzia miaka ya 2006 na 2007. Serikali ikapiga kelele, dunia ikapiga kelele, na Juni 13 ikawa siku ya kimataifa ya kuelimisha kuhusu ualbino tangu 2015. Watu wa kusini mwakumbuka Salum Khalfani Barwany alivyochaguliwa mbunge wa Lindi Mjini mwaka 2010, wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa na wananchi jimboni. Lakini kuna muuaji mwingine ambaye hashiki panga, hatafutwi na polisi, na ameua wengi zaidi kimya kimya. Anachomoza kila asubuhi.

Na kansa hii inazuilika! Kofia pana, shati la mikono mirefu, kivuli, na losheni ya kuzuia miale ya jua. Kule Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC kilichoanza mwaka 1992, wanatengeneza losheni maalumu kwa ajili ya watu wenye ualbino, hapa hapa Bongo. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani nalo likaiingiza losheni ya jua kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili yao. Yaani si kipodozi tena, ni dawa kama ya malaria.

Sasa jiulize, mtoto mwenye ualbino aliyeko Nakapanya, Moshi yuko mbali kiasi gani? Hata Songea mjini tu ni zaidi ya kilomita 250 ukitokea Tunduru. Losheni yenyewe inataka kupakwa upya kila baada ya saa 2. Chupa ikiisha Jumanne, jua la Jumatano haliulizi. Mwalimu anayemweka mtoto huyo mbele ya ubao kwa sababu haoni mbali, na anayemruhusu kuvaa kofia paredi, amefanya kazi ya daktari bila kujua.

FUNDI, MACHO YAKO!

Pita kwenye karakana yoyote ya kuchomelea vyuma, iwe Tunduru mjini au Manzese. Utamkuta fundi kavaa miwani ya jua, tena ya mtumba, anachomelea mageti. Ule mwanga wa umeme unatoa miale ya urujuanimno ya mafungu yote, hata ile C ambayo jua lenyewe limezuiwa kutuletea. Mchana anajiona fiti. Usiku wa manane macho yanawaka kama yamemwagiwa mchanga na pilipili, anaamsha nyumba nzima. Hilo ni jeraha la juu ya jicho, mara nyingi linapona kwa siku moja au mbili, lakini ukirudia rudia unajitafutia makubwa. Mwaka 2017 jopo la wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani liliiweka miale ya kuchomelea kwenye kundi la vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu.

Dawa ni kinyago chenye kioo cha kuchomelea, namba 10 kwenda juu kwa kazi ya umeme. Na wewe mpita njia unayesimama kushangaa cheche, endelea na safari yako.

HAYA, WATOTO WA MJINI

Nilikuahidi miwani. Miwani nyeusi isiyozuia miale ni mbaya kuliko kutovaa kitu. Kwa nini? Kwenye giza mboni inapanuka. Sasa umevaa giza usoni, mboni imefunguka kama mlango wa daladala, na miale inaingia bila nauli. Weusi wa kioo si kinga. Tafuta iliyoandikwa UV400, na kwa sababu maandishi hata ya uongo yanabandikwa, ipeleke kwa wauza miwani wenye kipimo waiangalie. Mtoto wa jicho, yaani ule ukungu unaowapofusha wazee, sehemu yake inatokana na jua la ujanani.

Dada zangu wa mkorogo, nawapenda lakini nitasema. Ule mwavuli wa melanini uliopewa bure, wewe unanunua kemikali za kuubomoa, halafu saa 7 mchana unapita Kariakoo kichwa wazi. Ndiyo maana serikali ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Na mnaokausha kucha kwenye zile taa za saluni, ni miale ya fungu A ile. Kidogo, lakini ipo. Paka losheni ya jua mikononi kwanza.

Na wale wa kuchezea tochi za leza, kummulika mwenzio machoni si mzaha. Zipo zinazouzwa kama toi huku zina nguvu ya kuunguza retina.

NANI ANAPIMA?

Kwa wenzetu Uingereza, kazi hii ina ofisi. Ipo Chilton, karibu na Oxford, chini ya wakala wa serikali wa usalama wa afya. Nchi ile ambayo jua lao ni la kubembeleza, wanalipima kila siku tangu mwishoni mwa miaka ya 1980! Mwanasayansi mwandamizi wa pale anapima taa, leza, mashine za saluni na vyombo vya hospitali, anapiga hesabu za dakika ngapi mtu anaweza kukaa mbele ya mwanga fulani, halafu anawashauri wenye viwanda na serikali. Vipimo vya mwisho vya usalama vinatoka kwenye tume ya kimataifa iliyoundwa mwaka 1992.

Kwetu tunayo Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Inakagua eksirei, na inapima hata minara ya simu. Tunao pia Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Mlango basi upo. Kinachotakiwa ni vijana wa fizikia waupitie na kusema, "Mimi nataka jua." Nchi yenye jua kama letu, mafundi wengi kama wetu na ndugu wenye ualbino kama wetu, ina kazi ya kumpa mtaalamu huyo mpaka astaafu.

Kwa hiyo wewe uliye kidato cha tatu unayeikimbia fizikia kwa sababu eti haina soko, fikiria mara mbili. Anayejua kupima mwanga anaweza kumwambia mkuu wa shule, "Paredi ifanyike saa 1 asubuhi, si saa 5." Sentensi moja tu, na ngozi ya mtoto mmoja wa Nakapanya imepata miaka ya ziada.

Wakati tunamsubiri, kofia kichwani, kinyago kwa fundi, losheni kwa mwenye kuihitaji. Jua halina urafiki na mtu, hata ukilichekea.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.